Sisi Twalala Kwao, Wao Walale Wapi?

Pana mjadala ambao haukosi kuzuka katika baraza zetu za Mombasa, Malindi na Lamu kila isikikapo kwamba kijana fulani, au mwalimu, au muuguzi, amepata nafasi ya kwenda ng'ambo kwa wiki kadhaa kuangalia wenzake wanavyofanya kazi, na kwamba huko aendako hatalala hotelini wala katika bweni la chuo, bali atakaa nyumbani kwa watu. Hapo ndipo vichwa hutikiswa. Kwa watu gani? Wanakula nini? Mna mbwa nyumba hiyo? Na akiwa ni binti wa watu maneno huzidi, na mara nyingi safari hufia papo hapo barazani kabla ya pasi kuombwa.

Sina nia ya kuwacheka wenye maswali hayo. Ni maswali ya haki, na mzazi asiyeyauliza ndiye wa kushangaza. Nitayajibu kwa kadiri ya uwezo wangu. Lakini liko swali jingine ambalo sijasikia likiulizwa barazani hata siku moja, nalo ndilo lililonifanya nishike kalamu: watu hao wanaowalaza wana wetu, siku wakija huku, walale wapi?

Kwanza tuelewane juu ya safari zenyewe, maana wengi huzichanganya na utalii au na masomo ya miaka mitatu. Mwaka 1932 Mmarekani mmoja aitwaye Donald Watt alichukua vijana wa kwao akawapeleka Uswisi, wakapige kambi pamoja na vijana wa Ulaya. Nia yake ilikuwa wajuane. Akaona kambi haitoshi, kwa kuwa mtu aliye kambini hakai kwa mtu, na kila mmoja ana upenyo wa kurudi kwa wa kwao. Mwaka uliofuata akabadili mpango: kila kijana akatiwa katika nyumba ya watu, akala chao na kuamka saa zao. Utaratibu huo wa kumkalisha mgeni nyumbani ukaenea. Mwaka 1947 chama cha AFS, ambacho asili yake ni madereva wa magari ya wagonjwa wa vitani, kikaanza kuwapeleka wanafunzi wa shule kukaa na jamaa za nchi nyingine. Mwaka 1965 Rotary nao wakaanzisha safari za watu wa kazi: kikundi cha watu wanne au watano, wasio wanachama wa Rotary, chini ya kiongozi mmoja aliye mwanachama, wakienda nchi ya mbali kwa wiki nne hadi sita. Daktari alikwenda akaona madaktari, mkulima akaona wakulima, na usiku kila mmoja akarudi kulala nyumbani kwa mwenyeji wake. Mwanzoni safari hizo zilikuwa za wanaume, wanawake wakaingizwa baadaye. Mpango huo uliendelea hadi mwaka 2013, na mahali pake pakachukuliwa na safari za mafunzo zenye utaratibu mwingine.

Uko na mpango unaotugusa sisi Waislamu moja kwa moja. Baada ya yale yaliyotokea New York na Washington mwaka 2001, Wamarekani walianzisha mwaka 2002 mpango wa kuwachukua wanafunzi wa sekondari kutoka nchi zenye Waislamu wengi, wakakae mwaka mzima wa masomo katika nyumba za Wamarekani. Kenya ni miongoni mwa nchi zilizopeleka watoto. Aliyebuni jambo hilo hakulibuni kwa mapenzi matupu. Serikali haitoi fedha bila hesabu, na hesabu yake ilikuwa kwamba kijana aliyekula na watu mwaka mzima ni vigumu kuwachukia. Hesabu hiyo mimi siioni kuwa mbaya. Naomba tu ipigwe pande zote mbili. Na lijulikane hili pia: jamaa wanaowachukua wanafunzi hao hawalipwi. Wanatoa chumba, chakula na muda wao bure, kwa mtoto wasiyemjua, wa dini isiyo yao.

Sasa nieleze kisa cha muuguzi mmoja wa hapa Mombasa, mama wa makamo, mtu wa Mji wa Kale, ambaye sitamtaja jina kwa kuwa hakunipa ruhusa ya jina. Alipata safari ya aina hii ya kwenda Uskoti kwa wiki tano. Ndugu zake walikataa, kisha wakakubali, kisha wakakataa tena, hata mjomba wao mmoja aliyewahi kuwa baharia aliposema kwamba mtu aliyelala Cardiff na Bombay na akarudi na sala zake tano hawezi kukubali kuambiwa kuwa Uskoti inaondoa dini. Akaenda.

Nilipomwuliza kilichomtaabisha zaidi, nilidhani atasema baridi au chakula. Akaniambia, "Haya zangu mwenyewe." Siku ya kwanza walimwandalia meza, na yeye hakujua nyama ile ni ya mnyama gani, wala aliyechinja ni nani. Kwa ada yetu mgeni hasemi. Akiletewa anakula, au anagusagusa na kushukuru. Akagusagusa. Usiku akalala na njaa. Siku ya pili ikawa vivyo hivyo, na mwenyeji wake, ambaye alikuwa mwalimu mstaafu, akaingiwa na huzuni akidhani mgeni hapendezwi na nyumba yake. Siku ya tatu muuguzi akamkalisha mama yule akamweleza yote: nguruwe, pombe, kuchinja, na kwamba samaki na mayai na mboga hazina taabu yoyote. Akamweleza habari ya mbwa na udhu. Yule bibi akacheka kwa furaha ya mtu aliyetuliwa mzigo, akasema laiti angeambiwa siku ile ya kwanza. Mbwa akahamishiwa chumba cha nyuma. Bwana wa nyumba akaleta dira yake ya kupandia milima, wakatafuta kibla pamoja. Lililobaki ni jua lenyewe, maana mwezi wa Juni kule huchwa karibu na saa nne za usiku na kutoka kabla ya saa kumi na moja za alfajiri, na hilo halina mwenyeji wa kulaumiwa.

Nimelieleza hili kwa urefu kwa sababu ndilo jibu langu kwa wazee wa baraza. Hatari kubwa ya mtu wetu anayekwenda kukaa kwa watu si ukafiri wa mwenyeji. Ni kunyamaza kwake mwenyewe. Mipango hii yote humjazisha mgeni karatasi kabla ya safari, aseme anakula nini na hali nini, ana dini gani, anaogopa mnyama gani, anataka kukaa na jamaa wa namna gani. Watu wetu huacha mahali pale patupu, au huandika kwamba hawana neno, kwa kudhani huo ndio uungwana. Uungwana gani huo wa kumwacha mwenyeji akisie? Mzazi wa binti ana haki ya kutaka iandikwe kwamba mwanawe akae na jamaa wenye mama na mabinti nyumbani, awe na chumba chake chenye ufunguo, apewe nafasi ya sala, na asiandaliwe kileo. Akinyimwa hayo, basi asimpeleke, wala hatukuwa na ugomvi naye. Ama suala la mwanamke kusafiri bila maharimu, na suala la nyama ya Ahlul-Kitabu, hayo yana wanavyuoni wake na maneno yao yanajulikana. Mwenye shaka amwendee kadhi wake, asije kwa mwandishi wa gazeti.

Turudi kwa muuguzi wetu, kwa kuwa kubwa la safari yake sijalisema. Alikuwa amepelekwa kuangalia hospitali, na hospitali aliziona: mashine, vitanda, karatasi. Akaniambia kwamba mengi kati ya hayo hayakumfaa kitu, kwani mashine hizo hapa hatuna na hatutakuwa nazo kesho. Kilichomfaa alikiona ghorofani katika nyumba aliyolala. Mama mkwe wa yule mwalimu alikuwa humo, ajuza asiyeweza kushuka ngazi, mwenye kidonda cha mguu kilichotokana na kisukari. Kila baada ya siku mbili alikuja muuguzi wa mtaa kumsafisha. Kazi hiyo ya uuguzi wa majumbani Waingereza wanayo tangu mwaka 1859, pale tajiri mmoja wa Liverpool, William Rathbone, alipomwajiri muuguzi aliyekuwa amemwuguza mkewe hadi kufa kwake, ili aende akawauguze maskini majumbani mwao. Lililomvutia mama yetu lilikuwa dogo kuliko historia hiyo. Lilikuwa daftari. Muuguzi alipomaliza, aliandika upana wa kidonda, rangi yake, dawa aliyotia na siku ya kurudi, kisha daftari akaliacha palepale kando ya kitanda. Akija muuguzi mwingine kesho kutwa, hakuhitaji kumwuliza mtu. Binti wa mgonjwa naye alilisoma, akajua la kufanya.

Basi msomaji, wewe unajua kama nijuavyo mimi ni nyumba ngapi katika mitaa yetu zina mtu mwenye kisukari na kidonda kisichopona, na ni wangapi wamekatwa mguu kwa sababu aliyekisafisha Jumatatu hakujua aliyekisafisha Ijumaa alitia nini. Mama yule amerudi na daftari. Anawanunulia wagonjwa wake madaftari ya shule, yale ya bei rahisi, anawafundisha mabinti wa nyumba kuandika. Hakulipata jambo hilo katika ziara ya hospitali. Angelazwa hotelini asingeliona kabisa.

Na yako mengine aliyoyaona ghorofani humo. Sisi hapa tumezoea kusema kwamba Wazungu huwatupa wazee wao. Tumelisema mara nyingi mpaka limekuwa kama tumelisoma mahali. Huyu aliona mkwe akimwogesha mama mkwe kila asubuhi kabla ya chai. Haina maana kwamba hawapo waliotupwa. Aliwaona na hao pia, wamekaa peke yao madirishani. Lakini hakurudi na neno moja la kuwafunga wote. Na yule mwalimu kwa upande wake alikuwa na picha yake ya mwanamke wa Kiislamu, nayo haikuwa picha ya mama aliyeamrisha wodi nzima kwa miaka ishirini.

Mwaka uliofuata ikawa zamu yetu. Kikundi cha Waskoti watano kikaja Mombasa, na miongoni mwao alikuwa binti wa mwalimu yule, naye pia mwalimu wa shule ya msingi. Kamati iliyowapokea ikawaweka katika hoteli ya ufuoni. Asubuhi gari liliwachukua likawapeleka Ngome ya Yesu, siku nyingine kiwanda cha wachongaji, siku nyingine shule moja iliyopakwa rangi kwa ajili yao. Usiku walichezewa ngoma hotelini kwa tiketi. Muuguzi wetu alitaka sana binti yule akae kwake, japo siku tatu. Ndugu zake wakamwambia nyumba ni ndogo, choo ni cha kuchutama, maji hutoka siku mbili kwa wiki, utatuaibisha. Akazuiliwa. Akamwalika chakula cha mchana, nacho kikaliwa katika mkahawa mjini. Binti yule alirudi kwao baada ya wiki nne bila kuvuka kizingiti cha nyumba hata moja ya Mswahili. Mama yake alimhamisha mbwa. Sisi tulimlipa kwa biriani ya mkahawani.

Hili mimi naliita izara, na linaniuma kwa sababu halikuwa asili yetu. Kama kuna watu duniani waliokuwa na elimu ya kumpokea mtu wa kazi kutoka ng'ambo na kumtia nyumbani, ni watu wa mwambao huu. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 aliyaona na kuyaandika. Chombo kilipotia nanga, vijana wa mji walikitokea kwa mashua, kila mmoja amebeba sahani ya chakula iliyofunikwa, akaikabidhi kwa mfanyabiashara mmoja na kutangaza kwamba huyo ni mgeni wake. Mfanyabiashara akashuka akaenda nyumba ya kijana huyo, si kwingine, isipokuwa kama ni mtu aliyezoea mji na kujuana na watu. Mwenyeji ndiye aliyemwuzia mali yake na kumnunulia. Mtu akimpunja mgeni bei, au akinunua kwake bila mwenyeji kuwapo, biashara hiyo ilihesabiwa kuwa si halali. Ibn Battuta mwenyewe alipojulikana kuwa ni mwanachuoni hakuachiwa wafanyabiashara. Kadhi alimjia na wanafunzi wake, akatiwa katika nyumba ya wanafunzi, akaletewa wali wa samli na vitoweo vyake, ndizi, na achari ya ndimu na maembe. Tazama mpango ulivyo: mtu wa biashara kwa mtu wa biashara, mtu wa elimu kwa watu wa elimu. Watu wa Rotary walikuja kulifanya hilo miaka 634 baadaye.

Wala hili si la Mogadishu pekee. Majahazi ya Kuwait na Oman na Kachi yaliposhuka na kaskazi kutoka Desemba, manahodha na mabaharia walikuwa na miezi ya kungoja kusi iwarudishe. Manahodha walikuwa na nyumba zao za kufikia Lamu na Mombasa, kila mwaka hizo hizo, na udugu ukaingia humo, na ndoa pia. Nyumba yenyewe ya Kiswahili ilijengwa kwa hesabu ya mgeni. Nenda Lamu ukaangalie nyumba ya mawe ya zamani. Mlangoni pana daka na viti vya mawe, mahali pa kumketisha mtu asiyejulikana bado. Kisha kuna sabule, chumba cha mgeni wa kiume chenye njia yake, ili aweze kulala, kula na kutawadha bila kukutana na watu wa ndani. Wazee wetu walikuwa na mabinti kama sisi, na sitara waliijua kuliko sisi. Hawakuifanya kuwa sababu ya kumrudisha mgeni bandarini. Walimwita fundi.

Na wetu walipokwenda nao walikwenda kwa namna yao. Ahmad bin Naaman alifika New York tarehe 30 Aprili, 1840, na merikebu ya Sultana, ametumwa na Sayyid Said wa Unguja. Watu walijazana gatini kumtazama, na Wamarekani wakaitengeneza merikebu yake katika karakana yao ya jeshi la majini bila ya kudai malipo. Picha aliyochorwa huko ingaliko katika jumba la makumbusho la Salem, na humo amevaa kilemba chake na joho lake. Mpaka leo humwoni mtu huyo akiwa amebanwa na suti ya kuazima.

Imekuwaje basi hata tukawa watu wa kwenda na wasiojiwa? Mahoteli ya ufuoni yametufunza kwamba mgeni ni mtu wa kuuziwa. Miaka mingi ya utalii imewapitisha Wazungu mitaani mwetu kama maji ya mvua, wakapiga picha milango yetu kwa nje, nasi tukakubali kwamba mlango ni wa kupigwa picha. Nyumba zenyewe zimebadilika: mtu anayepanga vyumba viwili Majengo au Kisauni, pamoja na watoto sita na mama mzazi, sabule ataitoa wapi? Hilo si kisingizio, ni kweli tupu. Kisha ikaja hofu. Mwaka 2012 Wamarekani waliwaonya watu wao juu ya Mombasa, mwaka 2014 Waingereza nao wakafanya hivyo, na watalii wao wakarudishwa kwa ndege. Onyo la Waingereza liliondolewa mwaka 2015, lakini sifa mbaya huondoka polepole kuliko onyo.

Na ipo sababu ambayo wanaume hatupendi kuitaja. Mgeni akiingia, anayeamka kukanda mahamri ni mwanamke. Sisi huahidi barazani, wao hulipa jikoni. Wanawake wakisema hawataki mgeni tunawaita wachoyo, ilhali hakuna mmoja wetu aliyewahi kuteka ndoo ya maji ya mgeni wake. Atakayenijibu makala haya naomba aanzie hapo.

Pamoja na hayo yote, jambo linawezekana, na limefanyika hapa hapa. Chuo kilichotokana na kazi ya yule Donald Watt kiliwaleta wanafunzi wa Kimarekani Mombasa kwa miaka mingi, wakafundishwa Kiswahili na mila za pwani, na wakakaa katika nyumba za Waislamu mjini, na kwa siku kadhaa katika kijiji cha Shirazi, pwani ya kusini. Hazikuwa nyumba za matajiri. Choo kilikuwa cha kuchutama, na hawakufa. Mabinti walifundishwa kujifunga leso na kukuna nazi, wavulana walikwenda baharini. Iwapo mtu wa kijijini mwenye nyumba ya udongo aliweza, huyu wa mjini mwenye feni na friji anaona haya ya nini?

Nasikia jibu: hao walilipiwa. Ndiyo, na sioni aibu katika mwenyeji kusaidiwa gharama ya chakula. Mgeni wa wiki tano si wa siku tatu. Hata mafunzo yetu yameuwekea ukarimu siku tatu na kumtaka mgeni asikae mpaka akamtia mwenyeji dhiki. Methali yetu nayo yampa jembe siku ya tatu, na mgeni wa safari hizi amelijia jembe. Tumkumbuke Abdurrahman bin Auf alipohamia Madina akafungwa udugu na Saad bin Rabii: mwenyeji alikuwa tayari kumgawia nusu ya mali yake, na yeye akamwombea baraka na kutaka aonyeshwe soko liliko. Mwalimu wa Kiskoti hakuja kula wali wetu. Alikuja kuona mwalimu mwenzake wa Kisauni anavyosomesha watoto wengi katika darasa moja, na jioni anavyorudi nyumbani, nani anamsaidia, watoto wake wanadurusu wapi taa zikizimika. Hayo hayaonekani ufuoni.

Kwa hivyo nashauri hivi, na nayasema kwa vyama vya walimu, vya wauguzi, vya wavuvi, na kwa kamati za misikiti na za akina mama vile vile. Watu kumi tu katika kila mji, waliokubaliana na wake zao kwanza, waandikishe nyumba zao. Fundi seremala wa Lamu achukue fundi seremala, mvuvi wa Vanga achukue mvuvi. Mwanamke akae penye wanawake. Mwanamume alazwe chumba cha nje, au kwa jirani asiye na mabinti, hapo hapo mtaani. Masharti yaandikwe bila haya, kama tunavyotaka yaandikwe ya kwetu: pombe haingii nyumba hii, nguo za kufunika mwili, kiatu huvuliwa mlangoni, kuna adhana alfajiri na utaamka. Choo kielezwe kilivyo. Maji yaelezwe siku yanazotoka. Atakayekubali ndiye mgeni wetu, na asiyekubali aende hotelini kwa hiari yake, si kwa kuwa sisi tulimficha mlango.

Muuguzi wetu bado anaandikiana na yule mwalimu. Ajuza wa ghorofani amekwisha kufa. Binti ana nia ya kurudi, safari hii kwa nauli yake mwenyewe, na ameuliza kwa adabu kama anaweza kukaa Mji wa Kale. Barua imefika zaidi ya mwezi sasa, na ndugu wangali wanashauriana.